KUSAFISHA MTUTU WA BUNDUKI YA MARISAU BILA KUUHARIBU

Mafunzo haya yamekusudiwa wakulima wa Mbulu na Hanang waliopewa leseni ya bunduki ya marisau, ile ambayo wengi huiita shotigani, kwa ajili ya kulinda mashamba yao. Katika nchi yetu ya milimani mkulima hupanda mahindi, maharage, ngano na mbaazi kwa jasho lake, na kabla hajavuna hana budi kukesha. Nguruwe mwitu hutoka usiku katika misitu ya Nou na Marang. Nyani huja mchana kutoka katika magenge ya mawe ya Bonde la Ufa. Nungu naye hufukua viazi. Kwa hiyo bunduki ni chombo cha kazi, kama jembe na plau, na chombo cha kazi chataka kutunzwa.

Watu wengi hudhani ya kuwa bunduki huchakaa kwa kupigwa. Sivyo. Mtutu uliotengenezwa vizuri hupiga risasi maelfu na bado ukawa mzima. Mambo yanayouharibu upesi ni mawili: kuachwa mchafu, na kusafishwa vibaya. Mtu mvivu huuacha ukaliwa na kutu; mtu mwenye bidii bila maarifa huukwangua kwa mchanga na waya, akaumaliza upesi kuliko yule mvivu. Basi shika neno hili moja, maana mafunzo yote yaliyomo humu yanatoka katika neno hilo: ondoa uchafu, usiondoe chuma.

1. MTUTU NI KITU GANI

Mtutu wa bunduki ya marisau ni bomba la chuma lililo laini ndani. Hauna mifuo ya kuzunguka kama mtutu wa raifuli. Bunduki iliyo ya kawaida kwetu ni ile ya namba 12. Namba hiyo maana yake ni hii: ukichukua ratili moja ya madini ya risasi, ukayagawa sawasawa kuwa vidonge 12 vya mviringo, kila kidonge kitaenea katika mtutu huo. Upana wake wa ndani ni kama milimita 18 na nusu. Namba 20 ni nyembamba zaidi, kwa kuwa ratili imegawanywa mara 20.

Nyuma ya mtutu pana chumba cha risasi, ambacho ni kipana kidogo kuliko mtutu wenyewe. Mbele, karibu na mdomo, bunduki nyingi hubana kidogo. Mafundi huita mbano huo choki. Kazi yake ni kuyaweka marisau pamoja yasitawanyike upesi. Choki iliyobana sana hupunguza upana wa mtutu kwa milimita moja tu. Hata hivyo, katika umbali wa yadi 40, huyaweka marisau kama 70 katika kila 100 ndani ya duara yenye upana wa sentimita 76. Mtutu usio na choki huweka kama 40 tu. Basi fahamu: milimita moja ya chuma ndiyo inayotofautisha nguruwe afaye papo hapo na nguruwe anayejeruhiwa akakimbilia kichakani, naye akiwa na jeraha ni hatari kwa watu na mbwa. Ukiikwangua milimita hiyo, hairudi tena.

Tena kuta za mtutu si nene. Nyuma, penye chumba cha risasi, chuma ni kinene. Lakini kuelekea mbele huenda kikawa na unene wa milimita moja tu. Risasi ipigwapo, nguvu ya hewa ndani ya chumba hufika mara 500 au zaidi ya nguvu ya hewa hii tuivutayo. Mtutu mzima huivumilia nguvu hiyo. Mtutu ulioliwa na kutu, au uliozibwa na kitu, huenda ukapasuka, nao waweza kupasuka mahali ambapo mkono wa kushoto hushika.

2. UCHAFU NI WA NAMNA NNE

Kila uchafu una dawa yake. Asiyejua ni uchafu gani hutumia nguvu mahali pa dawa.

(a) Masizi ya baruti. Baruti ya siku hizi haina moshi mwingi. Ilivumbuliwa Ufaransa na Paul Vieille katika mwaka 1884. Huacha masizi machache ya kijivu, nayo huyeyushwa na mafuta.

(b) Chumvi ya baruti nyeusi. Baruti ya zamani ni mchanganyiko wa shura, makaa na kiberiti. Ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake haigeuki hewa, bali hubaki kama moshi mzito na uchafu. Wakati Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza katika mwaka 1914, askari wengi wa Kijerumani katika nchi hii walikuwa wangali na bunduki za namna ya 1871 zenye baruti hiyo, na moshi wake ukawaonyesha adui mahali walipo. Uchafu wake ndani ya mtutu una chumvi inayovuta maji kutoka hewani, kama chumvi ya jikoni inavyolowa wakati wa masika. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo. Maji ndiyo huiyeyusha.

(c) Madini ya risasi. Marisau yapitayo kwa kasi huacha michirizi ya rangi ya fedha iliyofifia, hasa mbele ya chumba na penye choki.

(d) Plastiki. Risasi nyingi za siku hizi zina kikombe cha plastiki kinachobeba marisau. Joto hukiyeyusha kidogo, kikaacha utando mwembamba. Maji yaweza kujificha chini ya utando huo, na kutu ikaanza mahali usipopaona.

3. VITU VITAKIWAVYO

Mdeki, yaani ufito wa kupitisha ndani ya mtutu. Ulio bora ni wa mti mgumu, mkavu, ulionyooka, usio na vifundo; urefu wake uzidi urefu wa mtutu kwa shibiri moja. Mtutu mwingi ni wa sentimita 71 hadi 76, basi mdeki wa sentimita 95 watosha. Ufute kila mara kabla ya kuutumia, maana chembe ya mchanga ikishika katika mti hukwaruza chuma.

Brashi ya nyuzi za shaba, iliyo ya namba ya bunduki yako. Shaba ni laini kuliko chuma cha mtutu. Kwa hiyo huondoa uchafu bila kuacha mikwaruzo.

Vitambaa vya pamba vilivyofuliwa na kukauka, vilivyokatwa kwa kadiri ya upana wa kiganja.

Mafuta ya taa ya kuyeyusha masizi, au dawa ya kusafishia bunduki iuzwayo dukani.

Mafuta mepesi ya bunduki. Yakikosekana, mafuta safi ya cherehani yafaa.

Usitumie samli, wala mafuta ya nyama. Samli na mafuta ya nyama huchacha, na yakichacha huwa makali yakala chuma. Tena yakiwa na chumvi, ubaya huongezeka. Mafuta machafu yaliyomwagwa kutoka katika injini ya gari nayo hayafai, kwa kuwa yamejaa masizi na vumbi la chuma.

4. KABLA YA KUSAFISHA

Bunduki nyingi zilizoua watu nyumbani zilidhaniwa kuwa tupu. Kwa hiyo fanya hivi kwa utaratibu, bila kuacha hata jambo moja:

Kwanza, elekeza mdomo wa bunduki mahali pasipo na mtu wala mnyama wa kufugwa. Pili, ifungue. Tatu, toa risasi zote, kisha tazama ndani ya chumba kwa macho, na ukiguse kwa kidole. Nne, risasi zote zipelekwe chumba kingine na kufungiwa. Tano, tazama tena.

Fanya kazi nje kivulini, au penye mlango wazi, mbali na moto, kwa sababu ya mafuta ya taa. Usifanye jikoni wala penye watoto. Madini ya risasi ni sumu, nayo huwadhuru watoto zaidi. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na vitambaa vichafu uvifukie mbali na kisima.

5. KAZI YENYEWE

Safisha siku ile ile uliyopiga. Uchafu wa jioni hutoka kwa nusu saa. Uchafu wa juma zima hutaka siku nzima.

(1) Ikiwa bunduki yako ni ya kukunjika, ondoa mtutu katika kitako. Bunduki ya mitutu miwili ina ubao wa mbele unaotoka kwanza, kisha mitutu hutoka yenyewe. Usifungue skrubu za mtambo. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye kibali.

(2) Pitisha kitambaa kikavu kutoka nyuma kwenda mbele, ili uchafu utokee mdomoni wala usiingie katika chumba na mtambo. Kitambaa kipite kwa kusukumwa kidogo. Kikihitaji kugongwa, ni kikubwa mno: kipunguze.

(3) Lowesha kitambaa cha pili kwa mafuta ya taa, ukipitishe mara tatu au nne. Kisha uache mtutu robo saa, dawa ifanye kazi yake. Hapa ndipo watu wengi hukosa subira. Dawa iliyopewa muda huokoa mkono na chuma pia.

(4) Chovya brashi ya shaba katika mafuta ya taa. Ipitishe kutoka nyuma hadi itokeze kabisa mdomoni, ndipo uirudishe. Usiigeuze ikiwa katikati, maana nyuzi zake zitapinda na brashi itakwama. Mara 10 zatosha kwa uchafu wa kawaida. Mbele ya chumba na penye choki, ambapo madini ya risasi na plastiki hushika, ongeza mara 10 nyingine.

(5) Pitisha vitambaa vikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka kimoja kitoke cheupe kama kilivyoingia.

(6) Tazama kama ilivyoelezwa katika sehemu ya 8. Ukiona michirizi imebaki, rudia (3) hadi (5). Usiongeze nguvu; ongeza dawa na muda.

(7) Tia matone machache ya mafuta mepesi katika kitambaa safi, ukipitishe mara moja au mbili. Kidole kikiguswa mdomoni pa mtutu kihisi utelezi, lakini tone lisianguke. Mafuta mengi huteremka katika mtambo yakaganda na vumbi, na katika mbao za kitako yakazilainisha.

(8) Futa nje ya mtutu kwa kitambaa hicho hicho, hasa mahali mkono uliposhika. Jasho la mtu lina chumvi, na alama za vidole huota kutu zenyewe.

6. BARUTI NYEUSI HUTAKA MAJI YA MOTO

Aliyetumia baruti nyeusi, au risasi kuukuu ambazo fataki zake huacha chumvi, asianze na mafuta. Mafuta yatafunika chumvi, na kutu itakula chini yake. Ondoa mtutu kabisa katika mbao, umimine ndani maji yanayochemka yenye sabuni kidogo, upitishe kitambaa. Kisha umimine maji safi yanayochemka. Maji ya moto yana faida mbili: huyeyusha chumvi, na huacha chuma kikiwa na joto ambalo hukikausha. Maji ya baridi huyeyusha chumvi lakini huacha unyevu. Shika mtutu kwa kitambaa kinene usiungue. Ukisha kukauka kabisa, ndipo utie mafuta. Kesho yake pitisha kitambaa tena. Kikitoka na rangi ya kutu, rudia.

Mwenye gobore lenye leseni afuate njia hii hii. Lakini gobore halifunguki nyuma, basi kwanza ahakikishe kuwa ni tupu: atie mdeki ndani mpaka ufike mwisho, aweke alama penye mdomo, kisha aupime kwa nje. Usipofika penye tundu la fataki, ndani kuna kitu, naye asiendelee, bali ampelekee fundi mwenye kibali.

7. MAMBO YASIYOFAA KABISA

Mchanga, vumbi la matofali na msasa. Chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha mtutu. Mtutu hung'aa siku hiyo, lakini kung'aa kwake ni chuma kilichoondoka.

Majivu. Yana chembe ngumu, tena yana chumvichumvi inayovuta maji.

Waya uliosokotwa na ufito wa chuma. Hukwaruza ndani, na hula ukingo wa mdomo, ambao ndio wa mwisho kuyaongoza marisau.

Ndimu na siki. Huondoa kutu, ni kweli, lakini huondoa pia rangi nyeusi inayokinga chuma, kisha huendelea kula.

Kupiga risasi ili kuzibua. Jambo hili ni baya kuliko yote. Kitambaa kikikwama, au tope likiingia mdomoni kwa kuanguka, au nyigu akijenga kiota cha udongo ndani, usipige risasi ukidhani kwamba itasukuma. Mtutu utavimba au kupasuka. Fungua bunduki, toa risasi, usukume kitu hicho kwa mdeki kutoka upande wa pili.

Kuchanganya risasi za namba 20 na za namba 12. Risasi ya namba 20 ikitiwa katika bunduki ya namba 12 hupita chumba, ikakwama mbele. Mtu hutazama, huona chumba ni kitupu, hutia ya namba 12, na hapo mtutu hupasuka. Ndiyo sababu risasi za namba 20 hutengenezwa kwa rangi ya manjano. Usiweke aina hizo mbili katika mfuko mmoja.

8. KUTAZAMA NDANI YA MTUTU

Mtutu ukiwa umetengwa na kitako, uelekeze kwenye mwanga wa mawingu, wala si kwenye jua lenyewe. Tazama kutoka nyuma, kisha kutoka mbele. Mtutu mzima huonyesha duara za mwanga zilizo sawa, moja ndani ya nyingine, kama viwimbi majini.

Duara ikikatika upande mmoja, pana bonde, yaani mtutu umebonyea. Ukiona pete ya giza inayozunguka pote, huo ni uvimbe: mtutu huo uliwahi kupigwa ukiwa umezibwa. Usiutumie tena hata mara moja mpaka fundi auone. Madoa mekundu ni kutu changa. Tia mafuta mepesi, acha usiku na mchana, kisha brashi ya shaba. Rudia hata mara tatu. Vishimo vyeusi ni makovu ya kutu ya zamani. Hayo hayaondoki kwa kusugua. Yasafishe, yatie mafuta, yasiongezeke. Na yakiwa mengi au ya kina, fundi apime unene wa kuta.

9. KUITUNZA KATIKA HALI YA NCHI YETU

Nchi ya Mbulu ina ukungu na baridi, na mvua zake huanza Novemba zikaendelea hadi Mei. Bunduki iliyotoka katika baridi ya alfajiri ikiingizwa katika nyumba yenye joto hutoa jasho, ndani na nje, kama chupa ya maji baridi. Iache kwanza ipate joto la nyumba, kisha uifute. Usiifungie na jasho lake. Wale wakaao upande wa Hanang, chini ya mlima ule, karibu na ziwa la Balangida, wana adui mwingine: vumbi lenye chumvi na magadi. Aliyepita huko na bunduki aifute siku hiyo hiyo, hata kama hakupiga.

Usiitundike juu ya jiko, maana moshi na mvuke huila. Usiiweke siku nyingi katika ala ya ngozi au katika blanketi, kwa kuwa vitu hivyo hushika unyevu. Usizibe mdomo kwa kitambaa: huzuia hewa, na siku ya haraka husahauliwa humo. Iweke mahali pakavu palipofungwa kwa ufunguo, risasi zikiwa mbali nayo. Usiku wa kwanza baada ya kuitia mafuta, iegemeze mdomo ukiwa chini juu ya kitambaa, ili mafuta yasiteremke katika mtambo. Wakati wa mvua itazame kila majuma mawili. Wakati wa kiangazi kila mwezi. Na kabla ya kwenda shambani, pitisha kitambaa kikavu kuondoa mafuta, kisha tazama uone mwanga upande wa pili.

Kumbuka pia ya kuwa leseni ni ya mtu aliyeandikwa. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala jambo hili, wala bunduki haiazimwi jirani kama panga. Tena, kuwa na bunduki si ruhusa ya kuwinda. Mnyama akiingia shambani, peleka habari upesi kwa afisa wa wanyamapori au kwa mtendaji wa kijiji.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini brashi ya shaba hufaa, na mchanga haufai?
2. Uchafu wa baruti nyeusi huondolewa kwa kitu gani, na kwa nini si mafuta?
3. Kitambaa kimekwama ndani ya mtutu. Utafanya nini?
4. Umeona pete ya giza inayozunguka ndani ya mtutu. Ni dalili ya nini?
5. Kwa nini risasi za namba 20 na namba 12 zisiwekwe pamoja?

Asiyeweza kujibu swali la tatu na la nne asitie risasi katika bunduki yake mpaka amesoma tena sehemu ya 7 na ya 8. Nusu saa ya kusoma ni fupi, na vidole vya mkono havioti mara ya pili.